Tanki na njia za mafuta kwenye gari la replika: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina replika ya Cobra, yaani nakala ya gari la michezo la zamani, niliyoiunda chini ya banda la mabati huku Tabata. Bodi ni ya faiba, chesisi ni ya mabomba ya mraba, injini ni 1UZ-FE ya Toyota, V8 ya lita 4. Tangu ianze kuonekana barabarani, watu hunipigia simu kuuliza habari za injini, rimu na rangi. Wachache huuliza habari za mafuta, na hao ndio ninaowajibu kwanza. Gari la kiwandani lilikuwa na wahandisi waliokaa chini wakapima tanki lipumue vipi, mpira upite wapi, na petroli iende wapi gari likibiruka. Replika haikuwahi kuwa na watu hao. Kazi yao inabaki kwako na kwa fundi wako.

Gari langu linatembea vizuri. Kwa nini niguse mfumo wa mafuta?

Kama una kabureta, tanki halina kutu na hakuna harufu, huna haja ya kubadilisha tanki. Badilisha mipira yote, kagua njia ya kupumulia, basi.

Ukitoka kabureta kwenda nozeli, yaani mfumo unaopulizia petroli kwenye injini kwa presha, hapo hakuna njia ya mkato. Kabureta hutaka presha ndogo, psi 4 mpaka 7. Nozeli hutaka psi 40 na zaidi. Mpira uliovumilia miaka kumi kwenye kabureta unaweza kupasuka wiki ya kwanza ya nozeli, na ukipasuka hautoi tone bali mvuke unaorushwa juu ya egzosi ya moto. Tena mfumo wa nozeli kwa kawaida huwa na njia ya kurudisha mafuta kwenye tanki, ambayo replika nyingi za kabureta hazina.

Ninunue mpira gani? Dukani wananiambia yote ni "mpira wa petroli".

Soma maandishi ubavuni. Mpira wa kweli umeandikwa, na kama hauna maandishi, urudishe hata kama muuzaji anaapa. Ukikuta SAE 30R7 (au J30R7), huo ni wa kabureta na wa njia ya kurudi yenye presha ndogo. 30R9 ni wa nozeli. Kuna wa tatu ambao wengi hawaujui, 30R10, unaotengenezwa ili uishi ndani ya petroli, yaani ule mpira mfupi unaounganisha pampu na kichwa chake ndani ya tanki.

Huo wa tatu umenifunza. Fundi aliyenifungia pampu alitumia kipande cha mpira wa kawaida, sentimita saba hivi, na mimi sikuuliza. Miezi michache baadaye gari likazimika Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni, saa kumi na moja jioni, malori mbele na nyuma. Pampu ilikuwa inalia vizuri kabisa, presha hakuna. Tulipotoa kichwa cha pampu usiku ule, mpira ulikuwa umevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Ukiubonyeza kwa kidole unabaki na shimo. Ulikuwa umechomoka kwenye mdomo wa pampu na petroli ilikuwa inazunguka ndani ya tanki bila kwenda popote. Mpira wa kawaida umetengenezwa kuvumilia petroli kwa ndani. Ukiuzamisha, petroli inaushambulia pia kwa nje, na nje haukukingwa.

Ukiwa Gerezani au Mtaa wa Shauri Moyo ukitafuta R10, usitaje gari. Sema "mpira wa kuzama ndani ya tanki", kisha hakikisha maandishi.

Na klipu: kwa presha ya nozeli tumia zile za duara zinazobana sawasawa pande zote, zenye kingo zilizokunjwa. Zile za kawaida zenye mifereji ya bisibisi hukata mpira kidogo kidogo kila unapokaza.

Na yale mabomba ya kusuka yenye fitingi za rangi za mbio?

Ni mazuri, mradi yawe ya kweli. Saizi ya AN-6 ina upenyo wa karibu milimita 9 na inatosha V8 ya kawaida. Jambo moja linalowaponza watu: fitingi za AN zina mdomo wenye pembe ya nyuzi 37, na bomba la kawaida la magari hupanuliwa mdomo wenye pembe ya nyuzi 45. Zitafungana, zitakaza, mkono utakuambia mambo safi, halafu zitavuja. Usichanganye. Pia suke la stenlesi ni msasa: likigusa bomba, waya au chesisi huku gari likitetemeka, litakula hicho kitu mpaka ndani.

Bomba gumu la chini ya gari liwe la nini? Fundi friji ananiuzia kopa kwa bei nzuri.

Mshukuru, umwachie friji zake. Kopa tupu huwa ngumu na kuvunjika kwa mtetemo, na huharakisha petroli kugeuka ukoko. Tumia bomba la chuma la breki na mafuta lililopakwa kinga, au lile la mchanganyiko wa shaba na nikeli ambalo halishiki kutu na linakunjika kwa mkono. Kwa mtu anayeishi Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, ambako upepo wa bahari una chumvi, hilo la pili linastahili kila shilingi. Stenlesi hudumu zaidi kuliko yote lakini kulipanua mdomo vizuri kunahitaji vifaa ambavyo gereji nyingi hazina.

Kwenye bomba unaloingizia mpira, tengeneza uvimbe mdogo mdomoni. Mpira uliovikwa kwenye bomba laini lisilo na uvimbe utachomoka tu, hata ukaze klipu mpaka ilie.

Njia ipite wapi?

Upande wa ndani wa chuma cha chesisi, ubavuni, juu ya usawa wa chini kabisa wa chesisi. Matuta yetu yanajulikana; kitu chochote kinachoning'inia chini kitasagwa, na replika nyingi ziko chini kuliko gari ulilozoea. Weka upande usio na egzosi. Kama hapana budi kupita karibu, weka bati la kukinga joto lenye nafasi ya hewa kati yake na bomba.

Usipitishe kwenye handaki la propela shafti. Njia iko wazi na inavutia, najua. Siku joint ya shafti ikikatika, shafti itapiga kila kitu humo ndani, na wewe umekaa juu yake.

Shika bomba kwa klipu zenye mpira kila baada ya sentimita 30 hivi. Mpira laini tumia ncha mbili tu, kwenye tanki na kwenye injini, kwa sababu injini hutikisika na bomba gumu halipendi kutikiswa. Usiingize njia ya mafuta ndani ya kabini. Ikibidi kupita ukutani, weka fitingi ya kupenya ukuta yenye nati pande zote mbili, si tobo la dirili na mpira umepita kati.

Tanki la chuma, aluminiamu, stenlesi, faiba au plastiki?

Aluminiamu ndiyo chaguo langu, kwa sababu ni jepesi na mafundi wa kulichomelea wapo mjini. Omba bati la milimita 3, aina inayovumilia kukunjwa bila kupasuka. Wanaofanya kazi za boti wanaijua kwa namba 5052. Usilifunge chuma kwa aluminiamu moja kwa moja. Kwa unyevu wa Dar na chumvi, mahali zinapogusana aluminiamu itageuka unga mweupe, na utaligundua tobo baada ya harufu. Weka mpira kati ya mkanda na tanki, mpira uliogundishwa vizuri maji yasikae chini yake. Usitumie zulia wala sponji. Vinashika maji kama kitambaa cha kudekia.

Chuma cheusi kinafaa kama utakipaka kinga na hutaliacha tanki nusu kwa miezi. Hewa yenye unyevu ndani ya tanki lisilojaa hutoa matone usiku, matone hushuka chini ya petroli kwa kuwa maji ni mazito, na kutu huanzia hapo, mahali pampu inapofyonza. Wakati wa masika mimi hulaza gari tanki likiwa karibu kujaa.

Tanki la faiba sishauri kabisa. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huyeyusha aina nyingi za gundi ya faiba, na utomvu wake huenda kuganda kwenye vali za injini.

Niweke tanki la lita 100 ili nijaze kabla EWURA haijatangaza bei mpya?

Naelewa hesabu ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, sote tunaipiga. Lakini lita moja ya petroli ina karibu robo tatu ya kilo. Lita 100 ni kilo 74 au 75, nyuma kabisa ya ekseli, kwenye gari ambalo huenda halifiki kilo 1,200. Tanki likijaa gari litakuwa na tabia moja, likikaribia kuisha litakuwa na nyingine, na kona haikusubiri uzoee. Lita 55 hadi 60 zinatosha.

Kuta za ndani ya tanki ni lazima?

Ndiyo. Tanki la kwanza nililotengenezewa lilikuwa boksi tupu. Nikiwa na robo tanki, kila nilipozunguka kwa nguvu kidogo injini ilikata, ikashika, ikakata. Petroli yote ilikuwa imekimbilia ukuta mmoja na pampu inanyonya hewa. Kabureta ina bakuli lake la akiba kwa hiyo inasamehe. Nozeli hazisamehi hata sekunde moja.

Mwambie fundi aweke kuta mbili au tatu zenye matundu chini, pembeni, ili petroli ipite taratibu. Matundu ya juu pia yawepo, hewa ihame. Anapokunja ukuta, azungushe kingo. Ukuta wenye ncha kali uliochomelewa kwenye bati jembamba ndipo ufa unapoanzia.

Kama tanki tayari lipo na huwezi kulifungua, weka kitanki kidogo cha lita 1 au 2. Pampu ndogo inajaza hicho kitanki kutoka tanki kubwa, pampu ya presha inavuta kutoka chini ya kitanki, mafuta yanayorudi kutoka injini yanaingia humo humo, na yanayozidi yanatoka juu kurudi tanki kubwa. Ni pampu mbili na viungo vingi zaidi, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Ndiyo maana napendelea kuta.

Fundi anasema atachomelea tanki langu la zamani, ameliosha na sabuni ya unga na kulianika siku mbili.

Mwambie hapana, na kama hakusikii, chukua tanki lako uondoke. Petroli hujificha kwenye mikunjo na chini ya kutu, moto wa kuchomelea unaitoa tena kama mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Vingunguti. Hewa ikiwa na mvuke wake kuanzia asilimia 1.4 tu inatosha kulipuka. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa tupu lina hewa.

Tengeneza jipya.

Njia ya kupumulia ina umuhimu gani? Si nitoboe kifuniko tu?

Swali hili ndilo ninalopenda kuulizwa, kwa sababu nusu ya "pampu mbovu" nilizoletewa zilikuwa nzima.

Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Ikikosa pa kuingilia, pampu inavuta utupu: gari linatembea dakika ishirini, thelathini, linakohoa, linazima. Mwenye gari anasubiri, linawaka, anaondoka, linazima tena. Fundi anauza pampu. Dawa ya kujua ni rahisi: likizima, fungua kifuniko taratibu. Ukisikia tanki linavuta pumzi ndefu, umepata ugonjwa. Nimeona tanki la bati jembamba limekunjamana ubavu kwa hali hiyo.

Upande wa pili ni joto. Petroli ya sheli inatoka kwenye matanki ya chini ya ardhi, kuna ubaridi. Ukijaza lita 60 mpaka shingoni kisha ukaliegesha gari juani Posta, petroli ikipanda joto kwa nyuzi 10 inaongezeka zaidi ya nusu lita. Hiyo nusu lita itakwenda mahali. Kama njia ya pumzi inaishia ndani ya buti, itakwenda kwenye zulia la buti.

Kifuniko kilichotobolewa hupumua, ndiyo, na kwenye kona humwaga petroli juu ya rangi yako. Vile vifuniko vikubwa vya kufunguka kwa kidole vya mtindo wa Cobra vina sura nzuri na mpira dhaifu. Weka kifuniko cha pili kinachofunga vizuri chini yake kama nafasi inaruhusu.

Njia sahihi: bomba litoke juu kabisa ya tanki, lipande mpaka juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, lizunguke, lishuke na kutoka nje chini ya gari, mbali na egzosi. Mwanzoni mwake weka vali ya kubiruka, ile yenye gololi inayofunga gari likilala. Acha pia nafasi ya hewa juu ya tanki, karibu sehemu moja ya kumi, kwa kushusha mdomo wa kujazia chini kidogo ya paa la tanki.

Pampu ya ukubwa gani, na ikae wapi?

Pampu ya umeme husukuma vizuri na kuvuta vibaya. Iweke karibu na tanki, chini ya usawa wa petroli, au ndani ya tanki kabisa. Ikiwekwa mbele karibu na injini, inavuta kupitia bomba refu lenye joto, petroli inachemka ndani ya bomba, na gari linazima kwenye foleni ya saa nane mchana.

Kuhusu ukubwa, watu hununua kubwa kuliko mahitaji. Injini ya farasi 250 ikikanyagwa mpaka mwisho hutumia lita 75 hadi 80 kwa saa. Pampu ya lita 255 kwa saa inazidi mara tatu. Kwenye foleni injini inakunywa kidogo sana, na yote mengine yanazunguka kwenda injini na kurudi, kila mzunguko yakibeba joto kupeleka tankini. Jioni moja baada ya foleni ndefu ya Morogoro Road niliweka kiganja juu ya tanki langu nikakiondoa haraka. Nikarudi kwenye pampu ya kawaida ya Toyota na tatizo likaisha. Njia ya kurudi nayo isiwe nyembamba sana. Ikibana, presha hupanda na regulata, kidhibiti cha presha, haiwezi kuishusha.

Filta mbili: yenye matundu makubwa, maikroni 100, kabla ya pampu, yenye matundu madogo, maikroni 10, baada ya pampu. Ukizibadilishana, pampu itakufa kwa kiu.

Yangu ni replika ya Porsche Speedster juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, na una la kwako zaidi. Tanki liko mbele, injini nyuma, mpira unapita juu ya injini yenye moto inayopozwa kwa hewa. Angalia kibomba kidogo cha brasi kinachoingiza mafuta kwenye kabureta: kimesukumiwa tu, hakina uzi, na kwa umri hulegea na kutoka na mpira wake. Kikamate ukitikise. Kikicheza, kabureta iende kwa fundi aitengenezee uzi. Toa filta kwenye chumba cha injini, ihamishie mbele karibu na tanki. Uzito wake ndio unaokivuta kibomba. Mahali bomba linapopenya bati la injini pawe na mpira wa kuzuia kukatwa.

Geji inasoma tanki limejaa wakati ni tupu.

Boya la ndani ya tanki na geji ya dashibodi havizungumzi lugha moja. Boya la VDO husoma omu 10 tanki likiwa tupu na 180 likijaa. La Ford za zamani ni kinyume, 73 likiwa tupu na 10 likijaa. Nunua vyote viwili vya aina moja.

Kwa nini unasisitiza waya wa athi kwenye tanki? Ni tanki, si taa.

Kwa sababu bodi ni ya faiba, na faiba haipitishi umeme. Kwenye gari la bati, mdomo wa kujazia umeshikana na bodi nzima. Kwetu, mdomo umefungwa kwenye faiba na kuunganishwa na tanki kwa mpira; ni kisiwa. Petroli ikitiririka hutengeneza umeme tuli, na mahali pabaya kuliko pote pa kuruka cheche ni mdomoni mwa tanki unapojaza. Waya mmoja kutoka mdomo wa kujazia mpaka tanki, kutoka tanki mpaka chesisi. Nusu ya geji zinazochezacheza hupona kwa waya huo huo.

Gundi ya silikoni kwenye viungo?

Hapana. Petroli huilainisha, vipande vinakwenda kwenye filta. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji pia hapana kwenye fitingi za mdomo uliopanuliwa. Zinaziba chuma kwa chuma.

Swichi ya kukata pampu gari likigonga ni ya lazima kisheria?

Sijaifunga kwa ajili ya trafiki. Pampu ya umeme iliyofungwa moja kwa moja kwenye swichi ya funguo itaendelea kusukuma petroli baada ya ajali, kupitia bomba lililokatika, mpaka mtu azime. Weka swichi ya mshtuko, zipo kwenye magari mengi ya Ford yaliyokatwa spea, na relei inayokata pampu injini ikizima. Na mtungi wa unga mkavu ndani ya kabini, unapofikika ukiwa umefunga mkanda. Zimamoto ni 114.

Naweza kufanya kazi hii nyumbani?

Unaweza, nje, kwenye hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi, unatambaa chini kama maji kutafuta bonde. Kabla ya kufungua tanki, angalia jirani: jiko la mkaa la mama lishe, kijana anayekata chuma kwa grainda, friji ya soda. Mita kumi si mbali. Chomoa betri kwanza.

Nitajuaje kama kazi imekwisha vizuri?

Weka lita 5 tu. Washa funguo bila kuwasha injini, pampu ipande presha, kisha pitia kila kiungo kwa tishu nyeupe kavu. Macho hayaoni unyevu mdogo, tishu inaonyesha. Zima, subiri, angalia geji ya presha inashuka kwa kasi gani.

Halafu jaza mpaka shingoni na uegeshe kwenye mteremko, pua juu, kisha pua chini. Mpira wa boya na wa kichwa cha pampu uko juu ya tanki, na tanki lenye robo haliwezi kukuonyesha uvujaji wa juu. Liache juani mchana mzima, fungua buti jioni, weka pua ndani. Ukisikia harufu, hata kidogo, tafuta mpaka uipate kabla ya kulala.

Baada ya kilomita 500 rudia tishu na ukaze klipu tena, maana mpira mpya hujikaza na kupungua unene. Mimi nilikuta mbili zimelegea, zote upande wa kurudi.